Elieth wa Benchi la Nje

Mimi sina dogo. Wanafunzi wangu wananijua, na walimu wenzangu wananijua zaidi. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Elieth Chilewa alikaa nje ya darasa langu karibu miaka miwili bila mimi kujiuliza kwa nini, msidhani naomba huruma. Nina hasira, na ninayemkasirikia ni Dorothea, yaani mimi mwenyewe.

Shule yetu ya sekondari iko upande wa Gulwe, hatua chache kutoka relini. Kiangazi cha huku ukifungua dirisha asubuhi, ikifika mchana unaweza kuandika jina lako mezani kwa kidole. Tulipoletewa kompyuta kumi na mbili niliapa vumbi halitazigusa. Nikaweka sheria moja: viatu vyote vinabaki mlangoni.

Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, binti mmoja mwembamba alisimama kizingitini, havui. Foleni imejaa nyuma yake, kipindi kinakwenda. Nikafoka, "Sitaki mjadala. Kama huvui, kaa hukohuko nje."

"Sawa, madam," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi chini ya dirisha.

Kwamba Elieth anachechemea, nilijua. Nisichojua, au tuseme ukweli, nisichojishughulisha kujua, ni kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi, na chini ya ile sketi ndefu alivaa kiatu chenye soli nene kama tofali. Alitengenezewa na baba yake mdogo, Luka, fundi mwenye karakana kule Kizota. Kinafungwa kwa mikanda mitano kupanda mpaka karibu na goti. Kukivua na kukivaa ni nusu ya kipindi, na bila hicho hasimami mpaka ashike kitu. Angeweza kuniambia. Lakini mtoto huyu amelelewa kutomjibu mkubwa, na mkubwa nilikuwa nimeshasema.

Wiki ya tatu mbwa akabeba raba ya mtu. Nikamwona Elieth pale alipo, nikafurahi kweli. "Wewe, kwa kuwa upo, uwe unalinda viatu." Yaani nikampa na cheo! Tangu hapo kila kipindi cha vitendo alikaa na jozi arobaini za viatu, na mimi kwenye kitabu cha alama nikamwandikia sifuri. Pembeni nikaongeza: hana ari. Mungu anisamehe.

Mwaka huu darasa lao likafika kuchagua masomo ya kidato cha tatu. Kompyuta ilikuwa na nafasi ishirini na nne, na asiye na alama za vitendo haandikwi. Orodha ilitakiwa kwa mkuu wa shule, Mwalimu Bartolomayo, Ijumaa saa nane mchana.

Ijumaa hiyo asubuhi nilikuwa namalizia kusahihisha zoezi la mwisho. Niliwataka waandike hatua za programu ya kupanga madaraja ya mtihani. Madaftari matatu yakanishtua. Yote yalikuwa na hatua moja ambayo sijamfundisha mtu: kama alama haipo, usiweke sifuri, kwanza uliza kwa nini.

Nikamwita Anitha, mwenye daftari la kwanza, nikamjia juu. Wamenakili wapi?

"Hatujanakili, madam. Elieth ndiye anatuelekeza. Tukitoka kipindini tunakaa naye pale kwenye viatu."

"Elieth amejulia wapi?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la chekechea. "Si anakusikia dirishani, madam? Anaijua yote. Haingii tu kwa sababu ya kile kiatu."

Darasa zima lilijua. Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Nilimkuta Elieth benchini. Akaniamkia, nikaitikia, nikakaa kando yake. Nikamuuliza kama anataka kusoma kompyuta.

"Baba alitaka kunihamishia shule ya karibu na nyumbani," akasema taratibu. "Kule hawana kompyuta. Nikakataa."

Yaani mtoto alikuwa anatembea na mguu ule kilomita nne kila asubuhi, kuja kukaa nje. Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

Nikaenda kwa mkuu na kumweleza yote. Bartolomayo si mtu mbaya, ila anapenda karatasi kuliko chakula. "Mwalimu, alama ni za vitendo," akasema. "Afanye zoezi hilo kwenye kompyuta, mbele yangu. Ikigonga saa nane nafunga orodha."

Ilikuwa saa saba na robo. Elieth akaingia na kiatu chake, akiacha nyayo za vumbi jekundu sakafuni, akakaa. Halafu hakufanya kitu. Mtoto hakujua kompyuta inawashwa wapi! Dirishani aliona migongo ya wenzake tu. Kipanya akakishika kinyume, akitaka mshale upande, unashuka. Nikainuka nimsaidie, mkuu akaninyooshea mkono nikae.

Aliandika kwa kidole kimoja. Herufi moja aliitafuta mpaka nikafumba macho. Lakini hatua zenyewe zilikuwa zimepangika kichwani zamani, hakurudi nyuma kubadili hata moja. Saa nane kasoro dakika tano akaiendesha programu, ikagoma. Alisahau alama moja ya kufunga mabano. Akausoma mstari midomo ikicheza, akarekebisha, akabonyeza tena. Madaraja yakajipanga kwenye kioo, yote sawa.

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniomba kitabu cha alama. "Nafasi anapata," akasema. "Lakini sifuri za miaka miwili siwezi kuzifuta hivihivi. Ofisi ya wilaya itataka sababu. Niandike nini? Kwamba alikuwa mgonjwa?"

"Hajawahi kukosa kipindi hata kimoja," nikamjibu. "Andika kwamba mwalimu alimzuia mlangoni."

Akanisogezea kalamu. "Basi andika mwenyewe."

Nikaandika maneno hayohayo, nikaweka jina langu kamili na saini. Elieth alikuwa bado kwenye kiti, mkono juu ya kipanya, hataki kukiachia.