Mstari wa Wageni

Mama yangu, ambaye tangu binti yangu azaliwe sote tunamwita Bibi, alikuwa mlinzi hodari wa kabadi kuliko wote hapa Croydon, London, na hakuwahi kukanyaga uwanjani. Alikuwa na miaka sabini na ushei, goti moja bovu, na kiti chake kilikaa mwisho wa korido yetu, karibu na mlango wa jikoni.

Kabadi, kwa asiyeujua, ni mchezo wa Kihindi usio na mpira. Mchezaji anavamia upande wa wapinzani kwa pumzi moja, huku akisema "kabadi, kabadi, kabadi" bila kukatisha, anamgusa mmoja wao, kisha anatimua mbio kurudi kwao. Wakimdaka wakamzuia hadi pumzi ikamwishia, ametolewa.

Binti yangu aliuokota chuoni, akaja nao nyumbani kama watu wanavyokuja na mafua. Kila jioni alikuja koridoni akinong'ona "kabadi, kabadi", akagusa kandambili ya Bibi, akageuka kukimbia. Mara nyingi hakufika mbali. Bibi alimdaka kifundo cha mguu, na mkono uliokanda unga miaka hamsini hauachii kitu.

"Pumua!" Bibi alimpigia kelele. "Pumua, mwanangu, utajifia bure na chakula tayari!"

Mimi nilinuna. Katika ukoo wetu, mtoto akisema anataka kuwa mwanamichezo alipelekwa kwa daktari, na daktari alimshauri asomee udaktari. Lakini dunia ilikuwa imegeuka bila kuniaga. Michezo huko Uhindini ilishakuwa kazi kamili, ligi juu ya ligi, na mashabiki wanaokosa usingizi. Kulikuwa hata na watu ambao kazi yao ni kumkataza mchezaji kula sambusa. Na sasa ilikuwa inaanzishwa ligi ya kabadi ya wanawake, na makocha wake walikuwa wanakuja London kuchagua wachezaji wawili, katika ukumbi wa michezo Southall. Mwisho wa umri ulikuwa miaka ishirini na mbili. Binti yangu alibakiwa na mwezi mmoja kuufikisha. Ilikuwa ni safari hii au basi tena.

Si mtoto wa kuomba vitu. Siku ile aliniomba.

"Mama, please. Nijazie ile fomu. You're good at forms."

Hapo alinipata. Nyumba yetu iko jirani na lile jengo kubwa la uhamiaji, na nusu ya Wazanzibari wa London wameshakaa mezani kwangu na makaratasi yao, wakinywa chai yangu. Kwa fomu sina mpinzani, na sioni haya kusema.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Nafasi moja ilikuwa ya mchezaji mwenye asili ya Uhindi, nyingine ya mchezaji wa kigeni, maana timu ilitakiwa kuwa na mgeni angalau mmoja. Sikufikiri hata kidogo. Sura zetu za Kihindi, jina letu la Kihindi, mapazia yetu yananuka bizari. Nikatia alama kwenye asili ya Uhindi, kwa kalamu ya wino.

Kisha nikasoma chini yake, kwamba unatakiwa ushahidi, na fundi wa fomu akaanza kutoka jasho. Bibi alizaliwa Unguja. Baba yake alizaliwa Unguja. Babu yake alitoka Kachi, huko Uhindi, kila mtu anasema hivyo, ila hakuacha karatasi yoyote isipokuwa risiti ya cherehani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona Uhindi. Miaka michache baada ya Mapinduzi, mimi nikiwa mdogo, watu walizidi kutuuliza mbona bado hatujenda kwetu. Kwetu ni wapi hawakusema, walinyoosha kidole tu upande wa bahari. Tukapanda ndege tukaja Croydon.

Nikampigia simu mjomba wangu kumuuliza jina la kijiji cha mababu. Alinipa majina matatu. Nikachagua lililo jepesi kutamka, nikamfundisha Bibi wiki nzima, awe ndiye ushahidi wetu. Kwenye tramu alilikariri, kwenye treni alilikariri, na kwenye basi la Southall alimfundisha abiria wa pembeni.

Mlangoni palikuwa na mistari miwili. Ule wa asili ya Uhindi ulitoka nje ya ukumbi, ukazunguka magari yaliyoegeshwa, na ndani yake nilimwona kila binti wa Kipunjabi wa London magharibi, pamoja na mama yake. Kwenye mstari wa wageni alisimama Mpolandi mmoja mrefu, anakula tufaha. Baadaye tulijua kwamba alikuwa anatafuta darasa la yoga.

Tulisimama kwa muda wa saa mbili, Bibi kwenye kiti tulichomwazimia ukumbini. Mezani alikaa bwana mmoja kutoka Uhindini, kavaa suti ya michezo na filimbi shingoni. Alipekua mfuko wangu wa makaratasi kwa adabu zote, akaitazama ile risiti mbele na nyuma. Kisha akamwinamia Bibi, akamuuliza kwa Kihindi kijiji chao ni kipi.

Sasa Bibi Kihindi anakijua, lakini alijifunzia sinema, Unguja, kwenye viti vya mbele. Kwa Kihindi anaweza kuapa kisasi, kuagana na mpenzi anayekata roho, na kumlaani mwenye nyumba. Mengine hana. Alimtazama yule bwana kwa uchungu mkubwa, akamwambia kwamba hatamsamehe mpaka pumzi yake ya mwisho.

Bwana akahamia Kiingereza. "Kijiji, Bibi. Kijiji chenu."

Nilimkanyaga mguu kumkumbusha. Lakini neno kijiji lilishamchoma.

"Kijiji?" akasema kwa Kiswahili, kifua mbele. "Mwambie sie watu wa mjini! Mkunazini! Kijiji ana yeye!"

Sikutafsiri. Hakukuwa na haja.

"Anti," bwana akaniambia taratibu, akinirudishia mfuko, "kwa makaratasi haya nyinyi ni Waafrika." Akaonyesha kwa kalamu upande wa yule Mpolandi. "Nendeni mstari ule."

Niliwaka. Nikamwambia mimi si mgeni, mtoto wangu si mgeni, na kama ni kupika chapati basi amlete mama yake hapa tushindane. Nilisema mengi, na ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Binti yangu aliinama, akawa anapandisha soksi ambazo zilishafika juu. Nilimwona, na bado nikashika mfuko wangu, nikageuka kuondoka na heshima yangu.

Sikufika mbali. Bibi, pale pale kitini, alinidaka kifundo cha mguu.

"Pumua," akaniambia.

"Mama, niachie, watu wanatazama."

"Pumua kwanza." Hakuachia. "Unguja nilikuwa mgeni. Hapa Croydon ni mgeni, miaka yote hii. Nimekuwa mgeni bure bilashi umri wangu mzima, na hakuna aliyenishukuru. Leo wametokea watu wanamtafuta mgeni kwa tochi, wewe unakwenda kuwaambia sie wenyeji?"

Nikapumua. Nikaomba kalamu. Mimi, ambaye sijawahi kukata kitu kwenye fomu, nikaikata ile alama na kutia nyingine chini yake, na binti yangu akahamia mstari wa wageni kwa mbio.

Sitaki mtu aseme alichaguliwa kwa sababu alikuwa peke yake, ingawa Mpolandi alishaondoka na alikuwa peke yake. Bado alitakiwa kucheza na wale wa mstari mrefu. Walimrukia wanne kwa pamoja, akawaponyoka wote, maana hakuna aliyekuwa na mkono wa Bibi.

Mechi yake ya kwanza huko Uhindini tuliitazama kwenye simu yangu, tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Alipoingia uwanjani mtangazaji alimtambulisha kwa sauti kubwa kuwa ni mchezaji wa kigeni, na Bibi akapiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Walituambia twende kwetu," akasema, akijifuta machozi ya kicheko kwa mtandio. "Haya, huyo keshafika. Na kapitia mlango wa wageni!"

Alicheka sana. Mimi nililia, na machozi yangu hayakuwa ya kicheko. Binti yangu alikuwa anavuka mstari, midomo inamcheza, na Bibi akaisogelea simu, akamwambia apumue.