Medali Iliyosuguliwa kwa Majivu

Tangu Jumatatu, chumba cha vitu vya kale mjini Machakos hakina kikohozi cha mtambuzi wa medali. Kazini hufumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya medali kuukuu za madini ya risasi, polepole, midomo ikichezacheza. Mama mmoja, Katunge, alikuja akitaka kujua kama kaburi walilofukua wanaakiolojia shambani kwao ni la nyanya yake, aliyezikwa na rozari yenye medali ya Maria. Kabla ya kuileta medali iliyopatikana humo, aliisugua kwa majivu kama sufuria.

“Si huyu ni Maria?” Katunge aliuliza.

“Mama, umemwosha mpaka ameenda zake.” Mtambuzi alicheka, akaipapasa tena. “Siwezi kuandika nisichokiona. Lakini shanga za rozari hujaziosha; bado zimo kaburini.”

Sasa mtambuzi yuko shambani kwa Katunge, amepiga magoti, anachekecha udongo wa kaburi.