Wakili wa Mke Wangu

Niliwahi kumwonea wivu marehemu, tena mzungu, tena aliyezikwa zaidi ya miaka mia kabla hatujafika Birmingham. Ukitaka kucheka, cheka tu.

Mwaka 2004 mke wangu alijiunga na darasa la Kiingereza la Jumamosi, kwenye ukumbi mdogo hapo mtaani kwetu, Lozells. Kila mwanafunzi alipewa mtu wa zamani asimulie habari zake mbele ya wenzake. Yeye akapewa mwanasheria wa karne ya kumi na tisa aliyegeuka mwanasiasa. Basi nyumba ikajaa habari za bwana yule mwenye madevu. "Wakili wangu leo kashinda kesi!" "Wakili wangu kapigwa chini uchaguzi wa kwanza, masikini." Picha yake akaibandika kwenye friji, nikawa nachukua maziwa huku ananikodolea macho.

Kilichoniuma ni lile jina. Dar es Salaam wakili nilikuwa mimi. Mtaa mzima uliniita hivyo, na mke wangu pia, hata tukigombana. Huku Uingereza vyeti vyangu havikutambuliwa, nikaishia kubeba boksi ghalani, na joho langu la mahakamani likalala kwenye sanduku juu ya kabati. Tangu wiki ile aliyopewa mzungu wake, akaanza kuniita baba watoto. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua ananionea aibu.

Siku ya kusimulia nikafanya utoto. Nilichomoa karatasi yake ya mwisho, ile ya bwana mkubwa kuwa waziri, nikaitia mfukoni. Aishie hapo hapo kwenye kushindwa, nilijisemea.

Ukumbini nilikaa nyuma. Alisoma vizuri mpaka kwenye uchaguzi, akageuza ukurasa, hakuna kitu. Darasa likangoja. Nikatazama viatu vyangu.

Wala hakubabaika. Akaendelea kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: baada ya hapo wakili alihamia nchi ya baridi, akabeba maboksi. Mkewe aliacha kumwita wakili kwa sababu kila akimwita hivyo, uso wa mumewe ulikuwa unasawijika. Lakini mume akishaenda kazini, mkewe hulitoa joho sandukuni, akalipiga pasi, akalirudisha.

Mwalimu alikuwa anapekua kitabu chake, haelewi. Mke wangu akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "Wakili, niletee karatasi yangu."

Nikasimama, nikampelekea.