Pancha ya Mzee Awadh

Mzee Awadh alistaafu wizarani mwaka 2003, na haukupita mwezi akagundua kwamba siku nzima inaweza kupita asifungue kinywa ila kwa kusali na kuitikia salamu ya mwenye duka la chini ya fleti yake, pale Al Khuwair, Maskati. Mkewe, Mahfoudha, alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla. Wote wawili walizaliwa Unguja, na Kiswahili chao kilikuwa cha ndani ya nyumba. Ofisini kilisemwa Kiarabu. Sasa ndani ya nyumba hamna wa kusema naye. Siku moja alijisikia akiuliza kwa sauti, "Chumvi iko wapi?" akabaki amesimama na kijiko mkononi, kama mtu anayesubiri jibu.

Mtoto walijaaliwa mmoja tu, Yaqdhan. Huyu amejenga Mabela, pembeni mwa mji, nyumba kubwa, na upande wa uani mna vyumba viwili vitupu. Siku ya khitma ya mama yake alimwambia baba yake, "Njoo ukae na sisi." Mzee Awadh, machozi hayajamkauka, akajibu, "Niacheni na nyumba yangu."

Basi, ikawa imekwisha. Yaqdhan ni mtoto aliyelelewa. Neno la baba likishatoka, haliulizwi mara ya pili. Naye Mzee Awadh, aliyekwisha kujuta, angelirudisha vipi? Baba haombi chumba kwa mwanawe. Jambo kama hilo, kwa watu wa Unguja, halirushwi kama jiwe. Unaanza mbali, unauliza habari za bomba la maji, unapitia kwa wakwe, unapumzika kidogo, unazunguka tena, mpaka mwenzio mwenyewe alione na alitamke yeye. Linataka saa nzima ya kukaa ubavu kwa ubavu. Na Yaqdhan, mfanyakazi wa kompyuta mwenye simu isiyonyamaza, saa nzima hana. Kupiga simu hupiga kila siku, hilo asisingiziwe. Ila maongezi yenyewe ndiyo haya:

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa. Hivi lile bomba lenu la uani…"

"Alhamdulillahi. Haya baba, nna mtu kwenye laini nyengine."

Kap! Imekatika.

Saa pekee ambazo Yaqdhan aliiacha simu garini ni za Ijumaa asubuhi, alipokwenda kupanda baiskeli milimani. Wenzake kazini walimcheka. Maskati ya siku zile, baiskeli ilikuwa chombo cha vibarua. Mtu ana gari lake lenye kiyoyozi, anakwenda kujigongesha kwenye mawe ya nini? Mzee Awadh hakucheka. Yeye alisikia kitu kimoja tu: saa mbili nzima, bila simu.

"Ntakuja na mimi," alisema.

"Wapi, baba?"

"Huko kwenye baskeli. Kwani unafikiri mie nilizaliwa ndani ya gari? Nimempakia mama yako kwenye keria kutoka Kikwajuni mpaka Bububu, kashika sufuria ya mchuzi, na tone halikumwagika!"

Yaqdhan alicheka mpaka akakohoa. "Baba, baskeli hizi hazina keria."

"Sasa mtu anampakia nani?"

"Hampakii mtu."

"Haya. Saa ngapi?"

Ijumaa ile, saa kumi na mbili asubuhi, walikuwa nyuma ya kijiji cha Bustan, mahali ambapo njia ya changarawe inapita katikati ya milima mikavu ya rangi ya tende. Yaqdhan aliichagua kwa makusudi, rahisi kuliko zote, wenyewe wanaiita ya watoto. Alimwazimia baba yake baiskeli ya rafiki, akamfunga helmeti. Mzee alikataa kuvua kofia yake ya nakshi, kwa hiyo helmeti ikakaa juu ya kofia, mfano wa chungu juu ya chungu.

Na kweli njia ilikuwa rahisi. Miguu ilikumbuka. Njia ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, mara bahari ikachungulia chini kule, mara ikajificha. Tatizo lilikuwa moja, na Mzee Awadh hakulifikiria hata siku moja: njia ile ilikuwa nyembamba. Unguja waliendesha sambamba, wakipiga soga, bega kwa bega. Hapa mmoja mbele, mmoja nyuma, na kati yao vumbi.

"Hivi lile bomba la uani mlilitengeneza?" alipaza sauti.

"Badilisha gia, baba! Gia!"

"Na wakwe hawajambo?"

"Usibane breki ya mbele!"

Nusu ya njia ikaisha hivyo, na yeye hajajibiwa hata la bomba. Walipofika sehemu tambarare Yaqdhan alisimama, akaenda nyuma ya jabali kujisaidia. Mzee Awadh akatazama huku, akatazama kule. Akainama, akafungua kifuniko cha valvu ya tairi la nyuma la baiskeli yake, akaibonyeza ile sindano kwa ukucha. Psssss! Kama mtoto wa skuli aliyeiba embe la mwalimu.

"Pancha," Mzee alimwambia mwanawe aliporudi. "Si kitu. Tukokote tu, tutembee taratibu. Tutazungumza."

"Pampu nimeisahau nyumbani!" Yaqdhan alijipiga paji la uso. "Utembee na jua hili, baba? Haiwezekani. Yalla, kaa hapa kivulini, mie nafuata gari."

"Mie naweza kutembea."

"Najua unaweza. Kaa."

Akamkalisha chini ya jabali, akamwachia maji yote, hata yake mwenyewe, akambusu kichwani. Halafu akapanda baiskeli, akaondoka kwa kasi ambayo mzee hakuwahi kuiona. Kumbe asubuhi yote alikuwa akijizuia kwa ajili yake. Akawa kidogo, akawa nukta, akapotea.

Baada ya muda Mzee Awadh akajaribu. "Yaqdhan," aliliambia jabali, "fleti imenishinda. Nataka kuja kwenu." Maneno yakatoka bila taabu, moja kwa moja, bila bomba wala wakwe.

Gari lilipofika kwa njia ya magari, upande wa pili wa jabali, simu ilikuwa tayari sikioni mwa mwanawe. Kwenye kituo cha petroli Yaqdhan aliujaza upepo mpira ule, akausikiliza, akaumwagia maji.

"Ajabu, baba. Hauna tundu."

Kauli ilimfika Mzee Awadh mpaka kwenye meno: *Nimeutoa mwenyewe, nilitaka tutembee.* Akafungua mdomo. Simu ikalia.

"Dakika moja, baba," alisema Yaqdhan, na dakika ile ikafika mpaka Al Khuwair.

Alhamisi iliyofuata mwanawe alisimamisha gari chini ya jengo, akashusha baiskeli mpya, bado ina karatasi kwenye usukani.

"Yako hii! Nimeona siku ile ulivyofurahi. Tairi lake nene, pancha haliijui. Sasa huna haja ya kunisubiri mie. Panda siku yoyote, saa yoyote, peke yako."

"Na wewe Ijumaa?"

"Ijumaa hii nna wageni wa kazini. Nyengine… tutaona, inshallah." Alikuwa akitabasamu, amechangamka kama mtu aliyepatia. "Umeipenda?"

"Nimeipenda. Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Gari likaondoka. Lifti ya jengo lile ilikuwa finyu, baiskeli haikuingia kwa urefu. Ikambidi aisimamishe kwa gurudumu la nyuma, la mbele likakaribia kugusa dari, na usukani ukamlalia begani. Akabonyeza namba tatu. Wakapanda hivyo, yeye na baiskeli, ubavu kwa ubavu, polepole, mpaka juu.