Diski za Kupamba

"Shangazi, ukitoka nje kidogo tu, diski itaharibika?"

Nilikuwa darasa la nne nilipouliza hivyo, nimekaa kwenye kizingiti cha chumba cha Shangazi Twaiba, mdomo nimeubandika kwenye tundu la kitasa. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Hakunijibu. Nikadhani kazi imemshughulisha.

Hapa Msambweni kila mwenye binti wa kuoza anamjua Twaiba. Ndiye anayepiga video za kupamba, sherehe ya harusi wanayokaa wanawake peke yao. Mabuibui hutundikwa, simu zote hukusanywa kapuni mlangoni, na bibi harusi hukalishwa akatazamwa. Akina mama hawataki picha hizo zifike simuni. Picha ikiingia simu moja, kesho iko kwa vijana wa bodaboda. Kwa hiyo Twaiba huzichoma nyumbani kwenye diski za DVD, moja ya mama, moja ya bibi harusi. Kisha mama mtu huja akaketi kando yake, akashuhudia kila kitu kikifutwa kwenye laptopu. Diski huenda kutiwa sandukuni katikati ya kanga, na mambo yakaishia hapo.

Kazi hiyo aliisomea Ukunda, kozi ya kompyuta, kabla hajaolewa. Alipoachika alirudi kwa bibi yangu na laptopu yake kwapani, akapewa chumba cha uani. Baba yangu, Suleiman, ni kaka yake mkubwa. Hupenda kusema, "Twaiba ana bahati. Kazi imemfuata chumbani."

Chumba chenyewe ni tanuri. Dirisha limezibwa kwa kanga, mlango wa nyuma haufunguliwi, na feni haiwashwi kwa sababu huipeperusha ile kanga, wapita njia wakachungulia. Sauti nayo huzimwa, nyimbo zisitoke nje, kwa hiyo Twaiba hutazama wanawake wa Msambweni nzima wakicheza kimya kimya. Huchoma polepole makusudi. Diski iliyochomwa mbiombio hukwama kwenye deki kuukuu za majumbani, na hukwama pale pale bibi harusi anapofunuliwa. Ikishaanza, mashine haiguswi. "Wala haiachwi peke yake," bibi alikuwa akituambia. "Mle mna watoto wa watu." Mimi nikaelewa kwamba diski hunywa nguvu kwa mtu, kama simu inavyokunywa kwa chaja.

Mwaka ule ule alikuja Jemima. Walisoma kozi pamoja, naye akafungua studio yake Ukunda, akawa anapiga harusi za ufuoni kwenye hoteli za Diani. Alikaa barazani, akanywa chai, kisha akasema, "Mama, nipeni Twaiba. Natafuta mtu wa kushika kamera, na mahali pa kulala papo."

Baba akaweka kikombe chini. "Hebu niambie. Asubuhi apige mzungu na chupi yake pwani, jioni aende kwa Mama Bushra aseme nipe binti yako nimpige. Atapewa?"

"Si ni kamera tu, bosi."

"Mimi si bosi. Mimi ni kaka yake."

Bibi akaongeza taratibu, "Watu wamemwamini, mwanangu. Imani haina duka ukaenda kununua nyingine."

Jemima akamgeukia shangazi. "Na wewe mwenyewe wasemaje?"

Shangazi alikuwa anakusanya vikombe. "Kaka ameshasema," akajibu.

Haikupita wiki, ikawa siku ya kuchoma diski za Bushra. Shangazi aliniweka pale kizingitini. "Kaa hapa. Akija mtu, mwambie nachoma. Asibishe." Akaingia, nikasikia komeo.

Jirani akapita na ungo wake. "Hodi! Twaiba yupo?"

"Anachoma!"

"Anachoma nini, mihogo?"

"Diski! Usibishe!"

"Haya, bawabu. Mwambie asiungue."

Nikakaa mpaka kivuli cha ukuta kikanihama. Ndipo nikamwonea huruma na joto lile, nikauliza swali langu, nikanyimwa jibu. Alipofungua mlango baadaye alikuwa amelowa jasho, na miguu yake ina vumbi jekundu mpaka vifundoni. Nikalishangaa vumbi lile, maana sakafu ya chumba ni saruji. Mama Bushra akaja, diski zikajaribiwa kwenye deki ya bibi, zikacheza mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Akamshika shangazi mikono yote miwili. "Mungu akuweke hapa hapa, mwanangu."

Akawekwa. Jemima hakurudi tena. Siku hizi maharusi wanataka flashi, lakini mama zao wamegoma, na laptopu ni ile ile, imefungwa kwa gundi pembeni.

Mimi sasa niko kidato cha tatu. Likizo hii baba ameamua nikae na shangazi nijifunze. "Ni kazi ya stara," alisema. Kwa mara ya kwanza nikaingia na komeo likafungwa nami nikiwa ndani. Kanga haikutikisika. Taa ndogo ya mashine ikawa inawaka na kuzima, nasi tumekaa tunaitazama kama mgonjwa. Ndipo nikakumbuka.

"Shangazi, siku ya diski za Bushra nilikuuliza kitu pale mlangoni. Hukunijibu."

"Uliuliza nini?"

Nikamwambia. Akajifuta shingo kwa ncha ya leso.

"Haiharibiki," akasema. "Uliponiuliza sikuwamo ndani. Nilitokea mlango wa nyuma na mfuko wangu wa nguo, nikafika mpaka barabarani, Jemima ananingoja na teksi. Nikatia mguu mmoja ndani. Kisha nikakukumbuka wewe, unalinda chumba kitupu, na Mama Bushra yuko njiani kuja kuchukua amana yake. Nikamwambia Jemima atangulie. Niliporudi diski ya pili ilikuwa imekwisha zamani, nzima, haina kasoro. Nikakusikia huko nje bado unawaambia watu nachoma."