Kikombe cha Bati Kinapogonga Ukuta

Kikombe cha bati kinagonga ukuta kabla hakujapambazuka. Kimetundikwa nje ya dirisha kwa makusudi, kimwamshe mwenyewe upepo ukianza, naye amekwishakaa kitako kitandani.

"Haya, kinakuita," mumewe anamwambia kutoka ndani ya blanketi. "Ningekuamsha hivyo mimi, ungeninunia wiki nzima."

Mama Miche, kama majirani wanavyomwita, hacheki. Upepo umeamka, na asubuhi hii mnunuzi anakuja kuchukua miche elfu mbili ya nyanya. Ndiyo kazi yake ya msimu mzima.

Kitaluni, mkamwana wake ameshika keni ya kumwagilia. Majani yamelegea, naye anataka kuongeza maji. Mama Miche anachomeka kidole kwenye udongo, kisha anamzuia taratibu.

"Chini maji yapo, mwanangu. Upepo unayafyonza kwenye majani upesi kuliko mizizi inavyowahi kuyapandisha. Ukizidisha, utaiozesha."

Wanafunga magunia upande unakotoka upepo. Hayatoshi. Mkamwana anaingia ndani, anarudi na mashuka yake mawili, yale mapya.

Mnunuzi anafika na pikapu iliyo wazi nyuma. Anatazama saa, anataka wapakie. Anasema kuna kitalu kingine huko mbele, na huko hawazungushi watu.

Mwaka jana Mama Miche alikubali kupakia siku kama hii. Upepo wa njiani ukamaliza kazi. Miche ilifika imekauka kama majani ya chai, na mteja wa siku ile hakurudi tena.

"Ukienda huko sitakulaumu," anamwambia mnunuzi. "Ila kwa mkono wangu siipandishi humo sasa hivi."

Shuka linapigapiga. Mnunuzi anainama, anainua jani moja lililolala, analiachia polepole. Kisha anakwenda kwenye gari, anatoa turubai lake. Anashika ncha moja, na mume wa Mama Miche, anayechechemea mguu, anashika nyingine, wanalikinga upande wa upepo.

Siku moja Mama Miche atapanda ua wa miti mirefu upande ule, mashuka ya watu yarudi vitandani. Leo anangoja tu kikombe kinyamaze.

Mnunuzi anawasha gari. Hajaahidi kitu. Mama Miche anamfuata mpaka dirishani.

"Rudi jioni, baba, upepo ukilala. Turubai lako utalikuta, na miche utaikuta imesimama."