Betri ya Kamera ya Generoza

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco, Mkuu wa Kitengo cha Picha alinikabidhi kamera kuukuu ya filamu, akaniagiza nipige sura za watoto waliopotezana na wazazi njiani. Picha zilibandikwa ubaoni ili wazazi wapite watazame. Nilitoka Mbuba, nilikwishapiga harusi na vipaimara vya kutosha, nikajiona sina mpinzani.

Kisha akaletwa Generoza kutoka Kaniha, kule Biharamulo. Mwezi wa pili tu, Mkuu alikuwa akiwaonyesha wageni picha zake, zangu zimelala kwenye bahasha. Wivu ulinikaba. Mtacheka, vijana, lakini nilishindwa hata kula naye meza moja.

Kamera zile zilikuwa na kipima mwanga, mshale mdogo unaokuonyesha ufungue lenzi kiasi gani, nao uliendeshwa na betri ndogo kama za saa. Zilitengenezwa kwa betri za zebaki, ambazo zilikuwa zimeanza kuadimika. Za alkalini zilipatikana kwa mafundi saa, ila nguvu yake hushuka kidogo kidogo, mshale ukadanganya leo hivi, kesho vile. Za madini ya fedha hudumu, na haziyumbi mpaka siku zinapokufa. Kasoro yake ni moja: zina nguvu kuliko zebaki, kwa hiyo mshale huona mwanga mwingi kuliko uliopo na picha hutoka nyeusi. Dawa ni kushusha namba ya kasi ya filamu kwenye kamera. Pale kambini nilijua hilo peke yangu.

Zebaki ya Generoza ilipokwisha, Mkuu alimpa betri ya fedha. Akanifuata.

"Kaka, hii naiweka tu, au kuna kitu cha kubadilisha?"

"Weka tu, dada."

Sura za watoto wake zilitoka nyeusi, hata fundi wa kusafisha picha alishindwa kuziokoa. Zilibandikwa hivyo hivyo, maana hakukuwa na nyingine. Mkuu alimwambia mbele yetu kwamba kazi ile angempa mwenzake. Nilifurahi, siwafichi.

Generoza hakulalamika. Alikaa siku nne akijaribu namba moja baada ya nyingine na kuandika kwenye daftari, mpaka akagundua. Akatuita wote, akatufundisha bila choyo, nami nikatikisa kichwa kama ninayejifunza. Kisha Mkuu akamruhusu apige upya.

Picha mpya zilipobandikwa, mama mmoja aliita jina la mwanawe pale pale ubaoni. Alimkumbatia Generoza kwa muda mrefu, nikawaonea wivu hata kwa hilo.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniletea kamera za zamani, nawaambia wachague betri za fedha na washushe namba. Wakiuliza nani alinifundisha, namtaja Generoza, na mpaka leo inaniuma kumpa sifa hiyo. Lakini ukweli sikumwambia kamwe. Yule mama alitusimulia kwamba siku zote nne alipita pale ubaoni, akautazama uso wa mwanawe, asiujue.